Mazoezi Yafuate Chungu

Maneno yaliyotolewa na Ofisi ya Uhusiano wa Polisi na Jamii, Mbarara, mbele ya wazazi, makocha na vijana wanamichezo wa makazi ya Nakivale

Tunawashukuru wenyeji wetu wa Base Camp kwa kivuli na kwa maji. Wamefika pia ndugu zetu wa Juru na wa Rubondo, na tunajua kwamba baadhi yao walishika njia kabla jogoo hajawika mara ya pili.

Tulipoomba nafasi ya kuzungumza nanyi juu ya chakula cha vijana wanaocheza, mzee mmoja alituuliza kwa upole, "Afande, tangu lini polisi wakafundisha kupika?" Swali hilo ni la haki. Tungeweza kumjibu kwamba wengi wetu tumepita chuo cha Kabalye kule Masindi, na aliyepita Kabalye anaijua posho na maharage kuliko mpishi wa harusi. Lakini jibu lenyewe ni zito kuliko hilo. Mambo mengi yanayofika mezani kwetu yakiwa yamekwisha kuitwa makosa huwa yalianzia tumboni. Kijana amekamatwa na mahindi mabichi ya shamba la mwenyeji. Wachezaji wa timu mbili wamepigana baada ya mechi, na ukiwahoji mmoja mmoja unakuta hakuna aliyetia kitu kinywani tangu jana yake. Na liko jambo moja la mwaka huu ambalo ndilo lililotuleta hapa.

Katika kiwanja kimoja cha makazi haya, binti wa miaka 15, mkimbiaji, alianguka wakati wa mazoezi ya asubuhi. Alipepesuka, akakaa chini, kisha akalala kifudifudi na kupoteza fahamu. Wenziwe walipiga kelele. Watu walikusanyika, na kama ijulikanavyo, watu wakikusanyika maneno nayo hukusanyika. Mmoja alisema amerogwa na timu pinzani. Mwingine akamtaja mama mmoja jirani kwa jina, mjane anayeishi peke yake, kwamba juzi alimtazama binti huyo kwa jicho baya. Haikupita nusu saa, kundi la watu likaanza kuelekea nyumbani kwa yule mama. Tunamshukuru kocha aliyepiga simu mapema. Askari wetu wawili walifika kabla ya jiwe la kwanza kurushwa, wakasimama mlangoni, wakazungumza na watu hadi wakatawanyika.

Katika kituo cha afya binti alipimwa malaria, hakuwa nayo. Alipimwa sukari ya damu, ikakutwa imeshuka mno. Bibi yake, ambaye ndiye mlezi wake, alitueleza kwa sauti ya chini, "Afande, sisi twapika mara moja tu, jioni. Asubuhi hunywa chai ya rangi akaenda zake. Na juzi jioni chakula hakikutosha, akawaachia wadogo zake." Mjane wa watu alikaribia kuchomewa nyumba kwa sababu ya sahani moja ya ugali iliyokosekana.

Tangu siku hiyo tulianza kuwauliza makocha maswali ambayo polisi hawana mazoea ya kuyauliza. Kijana huyu alikula nini? Alikula saa ngapi? Aliamka akala, au aliamka akakimbia? Majibu yalifanana kupita kiasi. Nyumba nyingi zinapika jioni. Timu nyingi zinafanya mazoezi saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya jua kali na kabla ya shule. Maana yake ni kwamba kijana anakimbia kwa chakula alichokula saa kumi au kumi na mbili zilizopita, ikiwa alikula. Haya ndiyo tunayotaka tuyatazame pamoja leo.

Tuanze na hesabu, kwa maana hesabu haimwonei mtu. Mgao kamili wa chakula cha wakimbizi hupangwa kwa kipimo cha kalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Kipimo hicho ni wastani wa kundi zima. Mtoto wa miaka miwili na mzee wa miaka themanini wamo ndani yake. Wataalamu wa mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya wanakadiria kwamba mvulana wa miaka 16 au 17 mwenye shughuli za kadiri huhitaji karibu kalori 3,300 kwa siku, na msichana wa umri huo karibu 2,500. Mwaka 2020, mwezi wa Aprili, mgao ulipunguzwa kwa asilimia 30. Mwezi wa Februari mwaka uliofuata ulishuka hadi asilimia 60. Asilimia 60 ya 2,100 ni 1,260. Tangu 2023 familia zimepangwa katika makundi kwa kadiri ya uhitaji, na mwaka 2025 watu wengi nchini waliondolewa kabisa katika orodha. Hatuzitaji tarakimu hizi ili kumlaumu mtu yeyote. Tunazitaja kwa sababu kocha anayepanga mazoezi bila kuzijua anampangia kijana ambaye hayupo.

Kwa hiyo hatukuja kuwaambia wazazi wanunue nyama kila siku, wala jibini, wala unga wa kopo wenye picha ya mtu aliyevimba misuli. Mafunzo ya lishe yaliyoandikwa kwa ajili ya watu wenye jokofu hayatufai sana hapa. Na habari njema, wala si ndogo, ni kwamba chakula cha ushindi katika Afrika Mashariki hakijawahi kuwa cha gharama. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti juu ya wakimbiaji 10 wa Kenya wa ngazi ya juu, ambao chakula chao kilipimwa kwa siku saba kambini. Zaidi ya robo tatu ya nguvu zao zilitoka katika vyakula vya wanga, na ugali peke yake ulileta karibu robo ya nguvu zote. Waliobaki katika sahani zao ni majirani tunaowafahamu: viazi, wali, mkate, maharage, mboga, na chai ya maziwa yenye sukari. Watu hao walikuwa miongoni mwa wenye mbio kuliko wote duniani.

Sahani ya Nakivale basi iwe na nini? Tuchukue kijana wa kilo 50 anayefanya mazoezi. Wataalamu wanasema mwanamichezo anahitaji angalau gramu 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, yaani gramu 60 kwa huyu wetu. Gramu 400 za unga wa mahindi kwa siku nzima humpa gramu 30 na zaidi. Nusu kikombe cha maharage makavu, yakipikwa, humpa nyingine 20. Kiganja kimoja cha mukene, ambao ndugu zetu wa Tanzania huwaita dagaa na wa Kongo huwaita ndakala, humpa kama 10. Zimetimia 60, wala hatujachinja hata kuku. Zaidi ya hayo, mahindi yana upungufu wa kiini kimoja cha protini ambacho maharage yanacho kwa wingi, ndiyo maana viwili hivyo vikikaa sahani moja hufaa kuliko kila kimoja peke yake. Bibi zetu waliolitambua hilo hawakuwa na maabara.

Mukene tungewasihi mchague wale walioanikwa juu ya majani au juu ya vichanja. Wale wa mchangani, wanaouzwa kwa bei ya kutupa, mara nyingi ni wa chakula cha kuku. Waosheni kwa maji ya moto, wakaangeni kwa mafuta kidogo, na kwa nyumba yenye watoto wadogo wanaweza kutwangwa wakawa unga wa kunyunyiza juu ya uji. Samaki wa ziwa letu, ngege na kambare, ni wazuri pia kwa anayewamudu. Kuhusu nyavu za macho madogo tulikwisha kusema siku nyingine, na leo hatutaki kuharibu mazungumzo.

Mbarara ni mji wa maziwa, na nyinyi mnapakana na wafugaji wa Ankole. Nusu lita ya maziwa baada ya mazoezi ina protini gramu kama 16, ina maji, ina sukari yake ya asili, na ina chokaa ya kujenga mifupa. Hakuna kinywaji cha chupa chenye picha ya radi kinachokaribia hapo. Yachemsheni tu, kwa sababu maziwa mabichi huleta homa ambayo humlaza mchezaji msimu mzima. Kijana anayeumwa tumbo kwa maziwa mabichi kama chakula, ajaribu mtindi.

Tena makazi haya yana utajiri ambao miji mingi haina, nao ni majiko ya mataifa mengi. Wakongomani wana sombe na lengalenga. Warundi na Wanyarwanda wanajua kupika maharage kwa namna kumi. Wenyeji wetu wana matoke, dodo, na uji wa mtama na ulezi. Wasomali wana desturi ambayo makocha wote wangeiga: hula ndizi mbivu pamoja na wali au tambi. Ndizi hiyo ni nishati ya haraka, na waliianza wao kabla ya vitabu vya michezo kuandikwa. Kwa sombe tuna neno moja la tahadhari: majani ya muhogo yatwangwe vizuri na yachemke muda mrefu, kwa kuwa yana sumu inayoondoka kwa kupikwa. Kwa kukosa kuni, wengine hukata njia hapo.

Sasa tunafika kwenye kiporo. Wapo vijana wanaoona aibu kula kiporo. Wanasema ni chakula cha maskini, na mchezaji wa kisasa hunywa kitu cha rangi katika chupa. Sisi tunasema kiporo ndicho kifungua kinywa cha mwanariadha wa Nakivale. Chungu kikiwekwa jioni, viazi vitamu viwili au kipande cha muhogo kitengwe, kifunikwe, na kisiguswe na mtu. Asubuhi mwenye mazoezi avile pamoja na chai yenye sukari, nusu saa au saa moja kabla ya kukimbia. Kiporo cha ugali na maharage ni kizuri pia, lakini kipashwe moto hadi kichemke, na chakula kiwe kilikaa mahali pa baridi na palipofunikwa. Kama kimeanza kunuka au kuvuta utelezi, kitupwe bila majuto. Bibi wa yule binti tuliyemtaja alipoelezwa jambo hili alicheka, akasema kwamba kwao Kivu kiporo kilikuwa haki ya anayekwenda shamba, na aliyekigusa mwingine alichapwa. Sasa hivi binti yake hutengewa viazi, na wadogo zake wanajua.

Mlo mkubwa uliwe saa tatu au nne kabla ya mechi, ili tumbo liwe limekwisha kazi yake. Baada ya mazoezi, kijana asikae saa nyingi bila kula, kwa sababu wakati huo mwili unakuwa kama ardhi iliyolimwa, unapokea vizuri. Kwa vijana Waislamu, mwezi wa Ramadhani unahitaji kocha mwenye hekima. Mazoezi makali yahamishiwe baada ya futari, au yawe mepesi sana muda mfupi kabla ya kufuturu, na daku isiachwe. Tumeona makocha wasio Waislamu wakilipanga jambo hili vizuri na timu nzima ikaheshimiana zaidi.

Halafu iko safari ya Mbarara. Timu ikialikwa Kakyeka, vijana huwa hawalali kwa furaha. Alfajiri wamejaa kwenye gari, mechi ni saa nane mchana, na njia nzima wanaimba. Ukiuliza wamekula nini, ni mandazi moja na soda. Kipindi cha pili miguu inakuwa mizito, makosa yanaanza, lawama zinaanza, na mara nyingine ngumi zinaanza. Kabla ya kuondoka, viongozi wa timu wakusanye vitu hivi: viazi vitamu vilivyochemshwa, mayai ya kuchemsha, ndizi mbivu, na maji yaliyochemka katika madumu safi. Chapati na maharage, ile mnayoiita kikomando, haina ubaya wowote ikiliwa mapema. Roleksi ya mayai mawili ni chakula kizuri sana baada ya mechi. Kabla ya mechi mafuta yake hukaa tumboni. Soda ya baridi katikati ya mchezo humkata mtu tumbo. Na kila mchezaji ajifunze kutazama mkojo wake: ukiwa wa rangi ya majani makavu hafifu, maji yanatosha, ukiwa wa rangi ya chai, hayatoshi.

Kwa mabinti tungependa kusema polepole, na tunaomba kina baba wasitazame chini. Msichana anayefanya mazoezi makali na kula kidogo anaweza kukosa hedhi yake miezi mitatu, minne. Wapo wanaofurahi, wakidhani mwili umekuwa mwepesi. Hiyo ni kengele. Mwili umeona kwamba chakula hakitoshi, ukaanza kuzima taa za vyumba vingine ili jiko libaki linawaka. Zinazofuata ni mifupa dhaifu inayopasuka bila kuanguka, uchovu, na kupoteza mbio. Binti wa namna hiyo apelekwe kituo cha afya, mazoezi yapunguzwe na chakula kiongezwe. Jambo la pili ni damu. Uchunguzi wa taifa wa afya wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba karibu mwanamke mmoja kati ya watatu nchini Uganda, kati ya miaka 15 na 49, alikuwa na upungufu wa damu. Mkimbiaji mwenye upungufu wa damu ni kama pikipiki yenye kabureta iliyoziba. Mpigie kelele upendavyo, haendi. Maharage, dodo, mukene na maini kwa anayeyapata huleta madini ya chuma. Limau, pera, embe au nyanya mbichi katika mlo huohuo husaidia mwili kuyapokea. Chai ya rangi na kahawa pamoja na chakula huyazuia, kwa hiyo chai inywewe saa moja mbali na maharage. Badiliko hilo halina gharama hata ya shilingi moja.

Makocha, hapa tuna neno ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Wiki ambayo chakula kimepungua, punguzeni mazoezi. Tunajua mnavyofikiri: mchezaji mzuri huvumilia, sisi wenyewe tulikimbia na njaa, mbona tuko hai. Lakini misuli haijengwi na mazoezi peke yake. Mazoezi hubomoa, chakula na usingizi hujenga. Ukimkimbiza kijana kilomita kumi ilhali nyumbani kuna uji mtupu, umembomoa mara mbili. Mwisho wa mwezi, kabla ya fedha za mgao kufika, fanyeni kazi ya mpira wa miguuni, pasi fupi, mipango ya kona, sheria za mchezo, mazoezi ya kunyoosha viungo. Ratiba ya mazoezi ifuate ratiba ya chungu. Kocha asiyejua ni nyumba zipi katika timu yake zimeondolewa katika mgao aanze kwa kulijua hilo, kwa faragha, bila kumwaibisha mtoto mbele ya wenzake. Tumeona timu moja ambayo kila familia hutoa kikombe kimoja cha maharage kwa mwezi, yakapikwa pamoja kila Jumamosi chini ya mti. Ugomvi ndani ya timu ile ni mdogo mno.

Tuje kwenye jambo ambalo ni letu hasa. Kuna watu wanaopita katika masoko ya makazi haya na vijiji vya mpakani wakiuza tembe za kuongeza mwili. Huzitoa mfukoni, bila kasha, wakiahidi kwamba kijana mwembamba atakuwa na kifua ndani ya wiki mbili. Mara nyingi tembe za namna hii huwa na deksamethasoni, dawa halisi ya hospitali ambayo daktari huitoa kwa maradhi maalumu na kwa kipimo. Akiinywa mtu mzima wa afya, uso unavimba kwa maji, naye anajiona amenenepa. Ndani, sukari ya damu inapanda, mifupa inadhoofika, kinga ya mwili inashuka, na malaria au kifua kikuu kikimkuta kinamkuta hana ngao. Aliyeitumia muda mrefu akiiacha ghafla anaweza kuzimia na hata kufa. Kwa mwanamichezo kuna la ziada: dawa hii imo katika orodha ya zilizopigwa marufuku wakati wa mashindano duniani kote, kwa hiyo kijana anaweza kufungiwa kwa tembe aliyoinunua sokoni bila kujua jina lake. Kuuza dawa bila leseni ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa ni kosa. Aliyekwisha kuanza kuzinywa asiogope kuja: aende kwanza kwa daktari, na asiziache ghafla bila ushauri. Sisi tunamtafuta muuzaji.

Mairungi nayo huua njaa, na ndiyo sababu wengine huipenda. Njaa iliyouawa haikushibishwa. Mwili unaendelea kujila. Vinywaji vya kuongeza nguvu vilivyojaa kafeini hupandisha mapigo ya moyo kwa saa moja au mbili, kisha humwacha kijana bila usingizi. Waragi tusiitaje mbele ya watoto.

Kuna pia mawakala. Hawa huja na picha za viwanja vya ng'ambo katika simu, humwambia mzazi kwamba mtoto atajaribiwa na klabu kubwa, kwamba huko atakula vizuri. Ahadi ya chakula ndiyo inayowanasa wengi kuliko ahadi ya mpira. Mzazi mwenye watoto sita na mgao wa wawili, akisikia "atakula mara tatu kwa siku," atasaini karatasi asiyoisoma. Kabla ya kusaini au kutoa shilingi yoyote, leteni karatasi hiyo kituoni au kwa mwenyekiti wa kamati yenu. Wakala wa kweli hatakasirika. Kwa jambo la mtoto, namba 116 hupigwa bila malipo. Kwa dharura nyingine, 999 au 112.

Vijana, kabla hatujakaa, tuwasimulie juu ya mtu mmoja wa jeshi letu la polisi. John Akii-Bua alizaliwa mwaka 1949 katika nchi ya Lango, katika familia yenye watoto wengi kupita hesabu. Alikuwa askari polisi. Mwaka 1972 mjini Munich alipangiwa njia ya ndani kabisa, ambayo wakimbiaji wa viunzi huiogopa kwa sababu ya kona zake kali, akashinda mita 400 kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia. Ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu ya Uganda katika Olimpiki. Miaka saba baadaye, vita vya 1979 vilipomkuta, mtu huyo huyo aliikimbia nchi pamoja na familia yake, akaishi katika kambi ya wakimbizi Kenya, kabla ya kusaidiwa kwenda Ujerumani. Baadaye alirudi nyumbani, akarudi polisi, akafundisha vijana mpaka alipofariki mwaka 1997. Joshua Cheptegei, aliyeshinda mita 10,000 mjini Paris mwaka 2024, naye ni polisi. Na ninyi Wakongomani mnawakumbuka Popole Misenga na Yolande Mabika, waliocheza judo katika timu ya kwanza ya wakimbizi kule Rio mwaka 2016.

Tumeleta mzani mmoja na fimbo ya kupima urefu. Vitabaki katika kituo chetu cha polisi hapa Base Camp, na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi kocha yeyote anaweza kuleta timu yake kupimwa. Kijana atakayekutwa amepungua uzito mwezi hadi mwezi atapelekwa kituo cha afya, na kocha wake ataambiwa ampumzishe. Majina hayatabandikwa ukutani.

Sasa tungependa kusikia maswali, na tungeomba tuanze na kina mama waliokaa kule nyuma karibu na sufuria, kwa kuwa tunaona maharage yamekaribia kuiva.